Vidonge Nilivyokukatia Nusu

Cardiff, Jumanne asubuhi

Ndugu yangu Absalomu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba dawa ni kama samaki: mkubwa akimkata katikati, kila mmoja atashiba nusu yake. Kosa hilo nimelifanya mimi, kaka yako niliyesoma, niliyefundisha sayansi karibu miaka thelathini, na nimelifanya juu ya mwili wako. Kwa hiyo kama una kidonge mkononi unaposoma mstari huu, kiweke chini. Kilichobaki katika ile chupa niliyompa Mama Risper akuletee, usikiguse tena.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Umeamkaje? Kifua kinakupa nafasi ya kulala, au bado unaketi ukiegemea ukuta? Boke na watoto wazima? Ng'ombe mweusi amezaa? Mimi nipo. Natembea kutoka jikoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi jikoni, na kila nikifika dirishani naisahau sababu iliyonipeleka. Akinyi, binti yangu, ameniambia nikae chini kwa sababu nachosha macho yake. Nikikaa, mguu wangu unaendelea kutembea peke yake.

Utashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kidholuo kama siku zote. Nina sababu. Barua ya Kidholuo utaisoma wewe peke yako, kisha utaikunja na kuitia chini ya godoro pamoja na zile karatasi za hospitali ambazo hukuzifuata. Boke ni binti wa Wakuria; Kidholuo anakisikia vizuri kuliko unavyodhani, lakini hakisomi. Hii nataka aisome mwenyewe, mstari kwa mstari, bila mtu wa kumpunguzia maneno. Boke, shemeji yangu, shikamana nami hadi mwisho.

Jana nilikwenda posta nikatuma telegramu: ACHA VIDONGE NENDA HOSPITALI BARUA YAJA. Nimepiga simu pia kwenye duka la Bwana Salim pale Rodi, mara nne. Mara inalia bila kupokelewa, mara sauti ya mwanamke inaniambia njia zote zina shughuli. Lakini hata telegramu ikifika, nakujua. Tangu utotoni, ukiambiwa usipande mti, uliuliza sababu ukiwa tayari juu ya tawi. Maneno sita hayatakuteremsha. Ndiyo maana naandika haraka na kwa urefu, mambo mawili yasiyopatana.

Nianze na ugonjwa wangu, kwa sababu sikuwahi kukueleza vizuri. Unalikumbuka kovu lako la ugokoni, lile la uji wa moto? Lishike sasa. Ngozi ya pale inang'aa, ni ngumu, haitoi jasho, ukiivuta haivutiki. Mapafu yangu yanageuka kuwa hivyo kidogo kidogo kuanzia chini. Pafu zima hutanuka likaingiza hewa, na hewa hiyo hupenya hadi kwenye damu. Pafu lenye kovu halitanuki wala halipenyezi kitu. Nilipokuja huku kumtembelea Akinyi nilidhani ni baridi tu iliyoniletea kikohozi. Walinipiga picha ya kifua, wakanipima pumzi, wakanikalisha na kuniambia kwamba makovu hayo yanasonga mbele, na kwamba hakuna ajuaye yalianzia wapi. Ndiyo sababu ziara ya miezi mitatu imekuwa miaka.

Dawa ya hakika hawana. Wanayo moja ya kutuliza uvimbe, ambayo wengi wetu tunameza, na juu yake wanajaribu nyingine, ile wanayopewa watu waliowekewa figo ya mtu mwingine. Kazi yake ni kupunguza makali ya askari wa mwili. Wanadhani askari hao ndio wanaoyaunguza mapafu yangu, kama polisi waliotumwa kulinda soko wakaishia kuvunja vibanda. Naomba uliweke akilini neno hilo, kupunguza askari, maana shida yote imo humo.

Sasa, wanajaribuje? Unaikumbuka mikebe yangu ya maharagwe dirishani pale darasani? Ulikuwa ukinicheka, ukisema serikali inanilipa kupanda maharagwe. Mkebe mmoja ulikuwa na samadi, mwingine hauna. Udongo mmoja, jua moja, maji sawasawa. Niliwaambia watoto kwamba bila mkebe wa pili hamjui chochote, maana maharagwe yanaweza kuota kwa sababu ya mvua tu. Hawa nao wamefanya vivyo hivyo kwetu. Baadhi yetu tunapewa dawa. Wengine wanapewa vidonge vya rangi ile ile na ukubwa ule ule, ambavyo ndani ni kama chaki. Mimi sikujua nimo mkebe gani. Sista anayenipa chupa hajui. Hata daktari hajui. Jibu limo katika bahasha iliyofungwa, na inakaa kwa mtunza dawa. Niliipenda sana kazi hiyo, Absalomu. Nilitia sahihi kwa mkono uliotulia, nikahisi nimerudi darasani.

Kisha ikaja barua yako ya mwaka jana. Uliandika kwamba kikohozi kimekushika, kwamba umeacha kwenda kwenye mashimo ya dhahabu kule Macalder, na kwamba wazee wamekaa wakaamua. Nayakumbuka maneno yao kama ulivyoyanakili: "Ameruka kichwa cha kaka yake. Kaka hajatoka katika boma la baba, mdogo ametangulia kuweka lango lake. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mila, na chira hukausha mtu." Uliandika hivyo bila kunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma. Ni kweli ulinisubiri. Kila mwaka nilikwambia narudi mwaka ujao nijenge kwanza, nawe ukaendelea kubanana na watoto wanne katika simba yako, kile kibanda cha ujana, mpaka ukachoka na kujenga. Kwa hiyo nikaambiwa, kwa njia ya adabu, kwamba kutokuwapo kwangu ndiko kunakokuua.

Nilifanya nini? Nilifanya alichotufundisha Mama. Yeye alikuwa akileta samaki mmoja kutoka sokoni, akinipa kisu, akisema, "Mkubwa hukata, mdogo huchagua." Nilimeza kidonge kimoja asubuhi, na kile cha jioni nikakutunzia. Ulikohoa, nami nakohoa. Ulikonda, nami nimekonda. Sisi ni wa tumbo moja. Nilidhani ni ugonjwa mmoja. Vilipojaza chupa, Mama Risper, mwenzetu wa huku, akawa anasafiri nyumbani na mwili wa mumewe, nikavitia ndani ya soksi, soksi ndani ya sweta, nikamwambia ni vitamini. Nilimdanganya mjane, tena wiki ya msiba wake.

Huku, kila baada ya wiki nne hurudisha chupa. Kuna sista mmoja wa Kiairishi, jina lake Maureen, ambaye huhesabu vilivyobaki mbele yangu. Yangu ilirudi tupu kila mara. Alikuwa akisema, "Mwalimu, laiti wagonjwa wote wangekuwa kama wewe." Nami nilitabasamu. Kisha ananipa bomba la kupuliza, anapiga kelele kama mshangiliaji wa mpira, "Puliza, puliza, puliza, bado, bado!" mpaka naona nyota, anaandika namba. Kila namba aliyoandika ilikuwa ya mtu aliyemeza nusu, naye aliiandika kama ya aliyemeza vyote.

Barua yako ya mwisho ilifika Ijumaa iliyopita. Nitainakili hapa kwa Kiswahili ili wewe na Boke muisikie kama nilivyoisikia mimi:

"Omera, ndugu yangu, hiyo dawa ya Wazungu ni moto. Wiki ya kwanza nililala kama mtoto. Saa hii usiku natoka jasho mpaka Boke anakamua shuka, lakini mimi naona ni ugonjwa unatoka. Nakohoa uchafu mwingi na madoa ya damu kidogo. Boke anaogopa, nimemwambia ni dawa inasukuma vitu vya zamani nje. Nguo zimekuwa kubwa lakini niko mwepesi. Tuma ingine haraka, chupa imebaki robo."

Unajua nilifanya nini nilipomaliza kusoma? Nilifurahi. Niseme ukweli wote. Niliisoma mara mbili, nikaitia mfukoni mwa koti, na Jumatatu nikaenda nayo kliniki kama mtu aliyebeba cheti cha mtoto wake.

Pale kliniki nina rafiki, mzee wa hapa hapa Wales anayeitwa Gwyn. Alichimba makaa ya mawe tangu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, na sasa anatembea na mtungi wa hewa kwenye kigari kama mama mwenye kwenda sokoni. Yeye hayumo katika majaribio. Tukikutana hutaniana.

"Ee, Mwalimu. Chaki yako inaendeleaje?"

"Chaki ni kazi yangu, Gwyn. Nimeivuta miaka thelathini. Wewe vumbi lako je?"

"Langu halitakiwi. Nimewaomba mara mbili. Wanataka mapafu yenye siri. Yangu hayana siri, nchi nzima inajua nilikoyaharibu."

Basi nikatoa barua yako. Nikamtafsiria kwa majivuno, nikamwambia kwamba huyu ni mdogo wangu, alichimba dhahabu miaka kumi na minane, alitwanga mawe kuwa unga, na sasa anapona kwa nusu ya vidonge vyangu. Nilitazamia acheke. Hakucheka. Aliukamata mkono wa kigari chake kwa vidole vyote.

"Mawe gani hayo? Meupe, yanayometa?"

"Hayo hayo. Ndiyo yenye dhahabu."

"Na anatoka jasho usiku."

"Anasema ugonjwa unatoka."

"Na damu. Mwalimu, amepimwa kifua kikuu?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema hapana. Nilikuwa najua.

"Sikiliza," akasema. "Sisi watu wa vumbi tunajua jambo moja ambalo halimo katika vitabu vyako. Unga wa mawe hufungua mlango, na kifua kikuu huingia. Baba yangu aliondoka hivyo. Na wewe unampa nini? Kitu cha kuwafukuza walinzi! Inuka. Nenda ukamwambie yule sista sasa hivi, ama nitaenda mimi na mtungi wangu, na unajua ninavyotembea polepole. Utaaibika njia nzima."

Unajua, vitabuni limo. Niliwahi kulisoma. Ila sikulisoma juu yako.

Nikaingia kwa Maureen. Alikuwa ameshika bomba la kupuliza tayari. Nikamwambia, "Sista, leo usinipulizishe kwanza. Hesabu zako za miezi yote si za kweli." Nikamweleza. Aliketi juu ya kitanda cha wagonjwa, jambo ambalo wao hawaruhusiwi kulifanya.

"Ulivimeza vingapi, Mwalimu?"

"Kimoja kwa siku."

"Na kile kingine kimo ndani ya mtu aliye Afrika."

"Ndani ya ndugu yangu."

"Ambaye hapimwi damu."

"Hapimwi chochote," nikasema.

Akamwita daktari. Ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka ishirini na zaidi, na siku hiyo alizungumza nami kama nilivyokuwa nikizungumza na mvulana aliyenakili mtihani. Aliniuliza umri wako, uzito wako, kazi yako, na barua inasema nini. Akaniuliza pia kama nilikugawia ile dawa nyingine, ya kutuliza uvimbe, kwa sababu hiyo mtu aliyeizoea haiachi ghafla. Nikaapa kwamba hiyo sikuigawa. Akasema, "Basi itabidi bahasha ifunguliwe. Mtu asiye mgonjwa wetu amemeza kitu, na ni lazima tujue amemeza nini."

Akaenda kwa mtunza dawa. Nilibaki na Maureen. Ndugu yangu, miezi yote nilikuwa naomba Mungu yangu yawe dawa na si chaki. Katika dakika zile nikajikuta naomba iwe chaki. Niliomba kwa Kidholuo, kwa sauti.

Daktari akarudi, akasema, "Si chaki."

Nayaandika sasa aliyonieleza, kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo sababu uliyotaka ukiwa juu ya tawi. Dawa hiyo hupunguza askari wa mwili. Kwangu huenda ni jambo jema; hawajui bado, ndiyo maana wanajaribu. Lakini kifua kikuu huweza kulala mwilini mwa mtu miaka mingi kimefungwa na askari hao hao. Ukiwapunguza, kinaamka. Kwa mtu aliyevuta unga wa mawe ni rahisi zaidi. Tena dawa yenyewe huweza kuharibu ini na kupunguza chembe nyeupe za damu, na mtu asijue mpaka aanguke. Ndiyo sababu mimi natolewa damu kila mwezi. Wewe hukutolewa hata tone. Ile wiki ya kwanza uliyolala vizuri haithibitishi kitu. Hata mkebe usio na samadi huota mvua ikinyesha.

Nikamuuliza, "Akiacha leo, kuacha huko kutamdhuru?" Akasema hapana, hii unaweza kuiacha siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Nimemuua?" Akasema, "Sijui ana nini. Wewe pia hujui. Kuna watu pale kwenu wanaoweza kujua kwa kutazama makohozi yake, na hawahitaji mashine kubwa." Kisha akaandika barua kwa daktari yeyote atakayekuona, yenye jina la dawa na kiasi chake. Imo ndani ya bahasha hii, karatasi ya samawati. Usiitie chini ya godoro.

Mimi wameniondoa katika majaribio. Bahasha ikishafunguliwa, mtu hafai tena kuhesabiwa. Daktari hakunifokea. Alisema tu kwamba dawa hii ikija kuonekana haifai, huenda itakuwa ni kwa sababu ya watu kama mimi, waliomeza nusu na kurudisha chupa tupu. Sikulala vizuri kwa neno hilo. Wako watu wengi wenye makovu haya, wengine hawajazaliwa, na mimi nimewatilia udongo mwingine katika mkebe.

Akinyi alipotoka kazini nilimweleza wakati wa chai. Yeye ni muuguzi wa wazee, kwa hiyo sikuweza kupamba.

"Baba. Ati umefanya nini?"

"Nilimgawia Baba Mdogo."

"Dawa ya majaribio. Ndani ya soksi."

"Soksi safi."

"Baba! Mimi nikiwa Asumbi bweni, ulinichapa kwa sababu nilimpa rafiki yangu vidonge vyangu vya malaria. Umesahau? Ulinihubiria saa nzima!"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa natumaini yeye amesahau. Alicheka, kisha akalia, kisha akavaa koti lake tena tukaenda posta kabla haijafungwa.

Sasa nirudi kwa yale ya wazee, maana najua ndiyo yanayokushika miguu. Mila siikejeli, mimi mwenyewe nimekula matunda yake. Lakini chira hii wanaisema kwa jina langu, kwa hiyo nina haki ya kujibu. Mimi Zakaria, mwana wa kwanza wa baba yetu, nasema kwa mkono wangu: lango lako nimelikubali. Hukuniruka. Mimi ndiye niliyekaa njiani. Barua hii Boke amsomee Mzee Nashon, mkubwa wa ukoo, mbele ya watu. Kama wazee wanataka unywe manyasi, dawa yao ya kuondoa chira, sitagombana nao. Manyasi yanaweza kusubiri wiki. Makohozi yenye damu hayasubiri.

Nalijua pia lile jingine ambalo hukuliandika. Unaogopa kuonekana umepanga mstari pale mlangoni pa kliniki ya kifua, watu waseme amepata ule ugonjwa wa siku hizi. Watasema. Hata ukikaa nyumbani na kukonda watasema, tena watasema kwa muda mfupi zaidi, maana utakuwa kaburini. Fikiri hivi, omera. Mimi nina ugonjwa ambao dunia nzima inautafutia dawa kwa bahasha na chaki. Wewe, kama ni kifua kikuu, una ugonjwa wenye dawa inayojulikana, ambayo imewatibu watu wengi, pale pale Homa Bay, kwa miezi kadhaa ya kumeza bila kuruka siku. Nami nimekutoa kwenye ugonjwa wenye dawa nikakuingiza kwenye usio na dawa. Nisamehe, lakini nisamehe baadaye. Kama wakikuta si kifua kikuu bali ni mawe tu, basi nitakueleza mengine, na la kwanza litakuwa kutoshuka tena shimoni hata kwa siku moja, hata rafiki zako wakipata jiwe linalowaka kama taa.

Boke, shemeji, sasa nasema nawe. Uliogopa damu, na uliona sawa kuliko sisi wawili tuliosoma. Ile chupa uichukue wewe, uifunge kwenye leso pamoja na karatasi ya samawati, ziende kwa daktari aone. Mumeo akiulizwa amemeza nini na akianza kuficha, jibu wewe. Watakapompa kikopo cha makohozi watamtaka arudi na ya asubuhi. Asiseme mate yanatosha. Mpaka majibu yatoke, watoto walale chumba kile kingine na dirisha liwe wazi mchana kutwa. Akikuambia maneno ya kiburi, mwambie kaka yake amesema mke ndiye mwenye neno safari hii. Anaweza kuniandikia kunilaumu.

Nisalimieni dada yetu Dorka aliyeolewa Rusinga, na mumewe fundi wa mashua. Mwambieni nimeupata ujumbe wake juu ya kaburi la Mama, nitatuma mchoro wa kulijengea. Mnisalimie Okeyo, mwana wa shangazi, fundi baiskeli pale Rangwe; kama gari halipatikani yeye anaweza kumpakia Absalomu mpaka barabarani, kwa upole, si kama alivyompakia mbuzi. Msalimuni binti yenu mkubwa aliye bweni, asiambiwe kitu mpaka majibu yatoke, kisha aambiwe yote. Mama Risper mpeni pole zangu kwa mara ya pili, na mwambieni haikuwa vitamini. Nitamwandikia mwenyewe.

Akinyi ananiita, anapitia posta akienda kazini, na barua hii lazima iwe mkononi mwake. Naisoma tena upesi na naona nimeeleza mno, kama kawaida. Mungu akuweke mpaka karatasi hii ikufikie, na baada yake.

Kaka yako,
Zakaria

Absalomu, ukimaliza mstari huu vaa viatu, uende hospitali ya wilaya leo hii, uwaambie unakohoa damu, utoe makohozi.